Jina la Aliyejifunga

Baada ya matanga tuligawana vitu vya Papa. Kaka yangu alichukua redio, ambayo haikuwa imesema neno tangu zamani, na mdogo wetu akachukua koti na pasi ya makaa. Mimi nilipewa bati la biskuti, lile la mviringo lenye picha ya farasi iliyobanduka nusu, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani kulikuwa na kipande cha penseli ya wino kisichofika urefu wa kidole gumba, na chini yake kaye moja nyembamba, daftari la shule, iliyofungwa kwa uzi. Kaye niliiacha kwanza. Penseli niliiweka ulimini bila kufikiri, kama mtu anavyoonja mchuzi, na ule uchungu wa dawa na chuma ukanijaa kinywa. Ilibidi nikae chini. Mimi mwenye wajukuu nikawa tena mtoto wa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, namtazama baba yangu analowesha penseli kabla ya kila mstari.

Nyinyi wa umri wangu mnazikumbuka penseli hizo. Zikiwa kavu ziliandika kijivu. Zikiloweshwa ziliandika zambarau ambayo hata sabuni haikuiondoa. Papa alikuwa na ulimi wa zambarau siku zote za juma, na nilipokuwa mdogo kabisa niliamini kwamba hiyo ndiyo alama ya watu wanaojua kusoma. Nilimhurumia padri wetu, ambaye ulimi wake ulikuwa mwekundu kama wa sisi wengine.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani katika duka la vitambaa la Mzee Hirji, Mhindi mfupi mwenye kikohozi, kwenye barabara kubwa ya mjini. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuandika mpira. Aliandika kila mechi iliyochezwa Bukavu aliyoweza kuifikia kwa miguu: nani alicheza, nani alifunga, dakika ya ngapi, mvua ilikuwa kiasi gani. Za zamani, za wakati wa Wabelgiji, alizitafuta kwa wazee waliozicheza, Bagira kwa huyu, Kavumu kwa yule, akirudi na udongo hadi magotini na jina moja jipya la golikipa, mwenye furaha kama aliyeokota almasi. Mtaani walimwita Papa Kaye. Kaye zake zilijaza sanduku zima la majani ya chai, na sanduku hilo lilikaa pahali pa heshima pale sebuleni, juu ya matofali, ili maji ya mvua yasilifikie. Sisi watoto tulilala chini kabisa, maji yalitufikia.

Ufundi wenyewe aliupata kwa Wahindi. Jumapili alasiri walicheza kriketi kwenye uwanja wa nyasi kule Nguba, na kwa kuwa Papa alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na upande, Mzee Hirji alimpa kiti, meza ndogo na mwavuli, akamfundisha kuandika mchezo. Mara ya kwanza aliponichukua niliona wanaume waliovaa nyeupe kutoka shingoni hadi miguuni, wamesimama mbalimbali, kimya. Mmoja alikimbia, akatupa, kisha wote wakasimama tena kimya. Nikaamini ni misa yao. Nikapiga magoti kwenye nyasi na kufanya ishara ya msalaba. Papa alicheka mpaka penseli ikamdondoka, na Mzee Hirji alipoelezwa naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kitabu cha kriketi kilikuwa na jalada la kitambaa kijani, na ndani yake visanduku vingi vidogo. Kila kisanduku kilikuwa cha mipira sita ya mrushaji mmoja, halafu mrushaji anabadilishwa. Lakini mara nyingi Papa aliandika nukta tu. Nukta, nukta, nukta. Niliona ni uvivu.

"Papa, hii nukta ni ya nini?"

"Ni mupira ya bure. Mutu alitupa, mwenzake akazuia, hakuna kitu kilitoka."

"Sasa kama hakuna kitu kilitoka, juu ya nini unaandika?"

"Juu ilipita, mama. Ule mwenye kuzuia alifanya kazi." Alilowesha penseli akaweka nukta nyingine. "Usipoandika, kesho batu batasema hakukukuwa mutu pale."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Ufundi huo wa nukta aliuhamishia kwenye mpira wa miguu wa Kadutu. Wengine walikumbuka magoli. Yeye aliandika hata yale yaliyozuiwa. Jumapili baada ya misa benchi la nje ya nyumba yetu lilijaa wanaume waliokuja kukatiwa ubishi. Mmoja anaapa kwa mamake, mwingine anaapa kwa Bikira Maria, Papa anafungua sanduku, anapekua, anasoma, ubishi umekwisha. Mwenye kushindwa ananunua kasiksi, wanakunywa pamoja pombe hiyo ya ndizi. Nilijivuna sana. Watoto wengine baba zao walikuwa na baiskeli. Wangu alikuwa na ukweli.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuliandika kamwe, na watu walimsema kwa hilo. Akijifunga mchezaji, yaani akiingiza mpira katika goli lake mwenyewe, Papa aliandika goli, aliandika dakika, kisha mbele ya neno "mfungaji" aliacha nafasi tupu. Walimwuliza ni historia gani hiyo yenye matundu. Aliwajibu kwamba ni yake, mwenye kutaka nyingine aandike.

Nilielewa siku alipokuja Tonton Bisimwa. Tulimwita Tonton, yaani mjomba, lakini alikuwa jirani yetu tu, mshona viatu, na zamani kidogo alikuwa beki. Katika mechi kubwa dhidi ya wageni kutoka Kisangani alirudisha mpira kwa kichwa, ukampita golikipa wake, timu yake ikapoteza kombe kwa goli hilo moja. Tangu siku hiyo watoto walimpigia kelele njiani, na ninaogopa kusema nilikuwa mmoja wao. Alikuja amevua kofia, hakunywa siku hiyo, akaomba aonyeshwe ukurasa. Papa alimfungulia. Tonton Bisimwa hakujua kusoma sana. Alifuata mstari kwa kidole chenye gundi hadi mwisho, akafika penye utupu.

"Hapa pabaki bure, Papa Kaye. Ulisahau?"

"Sikusahau. Goli nimeandika, juu goli iliingia. Jina, hapana. Hakuna mutu anakujaka kwa uwanja juu ya kujifunga." Kisha alimwonyesha mistari ya juu. "Angalia hizi nukta. Hizi ni mipira ulizuia siku ile. Moja moja, zote ziko."

Tonton Bisimwa alilia pale pale, mbele ya watoto, mtu mzima mwenye mabega kama mlango. Sikumpigia kelele tena.

Kisha redio ikatuambia kwamba majina ya ubatizo yamekwisha, kila mtu achukue la kienyeji. Mnakumbuka wenyewe: usiku mmoja wa kulala, asubuhi wewe ni mtu mwingine. Mwalimu alituita majina mapya, na nusu ya darasa haikuitika. Baba zetu waliacha tai, wakafunga makoti hadi kooni, wakaitana citoyen, yaani raia. Papa naye alifunga koti. Lakini katika kaye zake hakufuta jina hata moja. Alichukua kaye zote tangu ya kwanza, na kando ya kila jina la zamani akaandika jipya, majina yote mawili, taratibu, jioni baada ya jioni. Mkuu wa chama wa mtaa wetu alikuja kuona. Alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye kupenda mpira, na nadhani aliogopa kuliko alivyotisha.

"Citoyen, futa ile majina ya bazungu."

"Ule alifunga goli akiitwa Jean. Nikiandika jina ya sasa tu, baliocheza naye bataniuliza huyu ni nani."

"Mi nakuambia tu. Kuandika kwako kutakuletea maneno."

Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele. Nilisikia, nikaelewa kwa akili ya miaka minane: kosa la baba yangu ni kuandika. Si majina. Kuandika. Nikaanza kumwogopea kila alipotoa ulimi.

Haukupita muda mrefu, maduka ya wageni yakachukuliwa na kupewa wananchi. Mzee Hirji alipewa siku chache za kuondoka. Kila kitu dukani kiliandikwa kwenye orodha, na chochote kilichokuwa ndani hakikutakiwa kutoka, hata kiti. Vitabu vinne vya kriketi vilikuwa juu ya rafu. Mzee Hirji alimwambia Papa, ni mwandiko wako, vichukue. Papa alivileta nyumbani ndani ya kikapu, amevifunika kwa sombe, majani ya muhogo. Mama aliyaona majani akafurahi, akaviona vitabu akakaa chini.

"Unataka batuue juu ya mucheso ya Bahindi?"

"Hakuna mutu atauliza bitabu bya bure kama hibi."

Alivisukuma chini ya kitanda, nyuma ya masufuria mabovu. Kisha alinishika bega. Nilikuwa mimi ninayebaki nyumbani mchana na mtoto mgongoni, Mama akiwa sokoni Kadutu anauza sambaza, dagaa wa ziwani, kaka yangu akiwa shule ya alasiri.

"Mama, mutu yeyote akikuuliza kitu, sema sijue. Ile tu. Neno moja."

"Sijue," nilisema, kwa mazoezi.

"Njo vile."

Mwenye duka mpya alikuwa binamu wa mkubwa fulani. Hakuwahi kuuza hata kitambaa cha leso. Aliuza alichokikuta, akagawia jamaa, akaoa mke wa pili, na mvua ya pili ilipoanza rafu zilikuwa tupu na mbu wanakaa ndani. Ikabidi apatikane aliyezimaliza. Akasema karani wa Mhindi alificha mali, anamtunzia tajiri wake hadi arudi. Sisi hatukujua lolote. Papa aliendelea kwenda dukani kila asubuhi kukaa mbele ya rafu tupu.

Watu wa usalama walikuja nyumbani alasiri moja ya manyunyu. Nitaisimulia kama nilivyoikumbuka maisha yangu yote, hadi mwezi uliopita.

Walikuwa watatu. Wawili walibaki wima wakipindua vitu, wa tatu alichuchumaa mbele yangu. Koti lake lilipigwa pasi vizuri, alinukia sabuni ya kuogea, na alikuwa na sauti ya upole. Hilo nataka mlijue, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kupiga kelele. Alimsifu mtoto niliyembeba. Aliuliza mambo fulani ambayo siyakumbuki. Wenzake walifungua sanduku la chai, wakacheka walipoona ni mpira. Kisha mmoja akapiga teke masufuria chini ya kitanda, vikatoka vitabu vya kijani.

Yule mpole alivifungua. Alitazama visanduku, nukta, namba, herufi moja moja zisizo na neno. Aligeuza kurasa, nyingine zilezile. Hakucheka. Kichwa changu kilikuwa kinakimbia. Niliona ulimi wa Papa. Niliwaza, hawa wamekuja kwa ajili ya kuandika, na wakijua mwandiko huu ni wake amekwisha. Na Mzee Hirji yuko mbali, amevuka maji, hakuna mtu wa kumkamata huko. Hesabu ilikuwa nzuri kabisa. Sijawahi kupiga hesabu nzuri kama ile darasani.

"Hibi bitabu ni ya nani?"

"Haiko ya papa," nilisema. "Iko ya Muhindi. Papa anamuchungia tu."

"Aa. Anamuchungia."

Alitabasamu, nami nikaona imeshika, nikaongeza chumvi ili ikae vizuri zaidi. "Muhindi atarudia kubichukua. Anatumaka barua."

Hakukuwa na barua hata moja. Sijui ilitoka wapi. Yule mtu alifunga kitabu taratibu, akanipapasa kichwa. "Asante, mutoto muzuri," alisema. Wakaondoka na vitabu na sanduku lote la chai. Niliketi mlangoni namtikisa mtoto mgongoni, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa baba yangu.

Walimchukua dukani saa ileile. Mama alirudi na beseni lake kichwani akakuta nyumba imepinduliwa, akaniuliza walisema nini, na hapo ndipo nilipojibu neno nililofundishwa. Sijue. Nimelijibu kwa Mama hadi alipokufa.

Walimweka mahali karibu na ziwa. Kila siku Mama alipeleka bugali na sambaza katika bakuli la bati lenye ua jekundu, akampa mlinzi, akasubiri nje na wake wa wafungwa wengine. Bakuli likirudi tupu, ina maana mtu wako yuko hai, au mlinzi ana njaa. Hakukuwa na njia ya kujua. Siku tatu mfululizo lilirudi limejaa. Mama alikuja nalo nyumbani, akaliweka mezani, hakuna aliyekigusa chakula kile ingawa tulikuwa na njaa. Siku ya nne likarudi tupu, Mama akalikumbatia kama mtoto. Tonton Bisimwa ndiye aliyemsindikiza siku zile zote, akiwa na nyundo yake mfukoni, sijui kwa kazi gani.

Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri nilisema uongo. Aliniuliza ni uongo mkubwa au mdogo, nikasema ni mdogo, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa machache. Akanipa Salamu Maria tatu. Nilizisali nikasubiri Papa arudi jioni hiyo. Nikazisali tena kesho yake, nikaongeza nyingine kumi za kwangu. Kuanzia hapo sijaweza kuamini bei za kanisa, Mungu anisamehe.

Kisha kaye zikaanza kuonekana sokoni. Mtu fulani aliuza karatasi kwa kilo, kama kawaida, na mama mmoja aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Mama alikuwa anafungia sambaza ndani yake. Mama aliitambua zambarau kwa mbali. Alisimama akaenda, akainua karatasi moja, akairudisha chini. Nilikuwa naye siku hiyo. Niliona maji ya samaki yakiingia kwenye wino na wino ukifunguka, ukitia rangi matumbo meupe ya sambaza, na wateja wakilalamika kwamba samaki ameharibika. Nilisoma jina la golikipa wa Kavumu likiondoka ndani ya kikapu cha mwanamke nisiyemjua. Mechi za miaka mingi zilikwenda hivyo, jioni mbili tatu, kwenye sufuria za watu. Mama alimwomba yule mwenzake kurasa zilizobaki, akapewa chache, zilinuka vibaya mno, akazichoma jikoni mwenyewe akilia.

Papa alirudi mvua ndefu zilipokwisha. Hakuna aliyetuambia, aliingia tu mlangoni. Alikuwa amekonda hadi koti linamzunguka, na mkono wake wa kulia vidole vitatu vilikuwa vimeunga vibaya, havikufunga tena. Nilitazama ulimi wake alipoanza kula. Ulikuwa mwekundu, kama wa padri, kama wa watu wote.

Hakuuliza sanduku liko wapi. Alitazama yale matofali, akayatazama tena, kisha akayatoa nje akajengea jiko la Mama. Jumapili ya kwanza wanaume walikuja kwenye benchi, kwa mapenzi tu, wakaleta ubishi wao kama zawadi: nani alifunga la pili, siku ile ya mvua ya mawe? Alikuwa anajua. Nilimwona usoni kwamba anajua, hakuhitaji kaye.

"Sijue," alisema.

Walijaribu ubishi mwingine, mwepesi zaidi, ambao hata mimi niliujua.

"Sijue, ba ndugu."

Baada ya Jumapili chache benchi likabaki la kuku. Mtu aliyeandika hata mpira wa bure alizeeka akisema neno lile moja alilonifundisha mimi, kwa kila swali, hata ukimwuliza kama mvua itanyesha. Kila mara alipolisema nilihisi ananirudishia mkononi. Nilingojea aniulize. Nilikua, niliolewa, nilizaa, na kila nilipokuja kumsalimu nilingojea. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuuliza kamwe. Nikajiambia kwamba hajui, na nikaishi hivyo, kama mtu anavyoishi na mwiba uliozama.

Sasa ile kaye nyembamba. Niliifungua uzi mwezi uliopita, baada ya kuonja penseli, nikitegemea risiti za dawa. Ulikuwa ukurasa mmoja tu ulioandikwa, zambarau, kwa mwandiko mbaya wa kupinda, mwandiko wa mkono wa kushoto wa mtu aliyejifunza ukubwani. Juu aliandika kama alivyoandika mechi zote. Uwanja: nyumbani, Cimpunda. Hali ya hewa: manyunyu. Wageni: watu watatu wazima. Wenyeji: mtoto mmoja, mwingine mgongoni. Chini yake: "Kama nilivyosomewa ripoti na wao wenyewe."

Kisha kisanduku kimoja, cha mipira sita. Kando ya kila mmoja aliandika swali. Papa yako anarudiaka saa ngapi. Nukta. Nani anakujaka hapa kumuona. Nukta. Anasemaka nini juu ya chama. Nukta. Yeye na ule Muhindi barafiki. Nukta. Kuna kitu alificha hapa nyumbani. Nukta. Hibi bitabu ni ya nani. Na hapo, badala ya nukta, goli. Chini: moja kwa sifuri. Mfungaji, na nafasi tupu.

Alijua tangu siku ya kwanza. Walimsomea, pengine huku wakimvunja vidole, neno kwa neno, pamoja na zile barua zangu. Miaka yote ile ya salamu na chai alikuwa anajua, na ndiyo maana hakuuliza: jina hilo halikuwa la kuandikwa. Niliona aibu niliyoikimbia tangu utoto, ikanikamata nikiwa nimeketi sakafuni na bati la biskuti mapajani. Nililia kama Tonton Bisimwa, kwa sauti, wajukuu wakaja mlangoni kutazama.

Lakini zile nukta. Nilikuwa nimezisahau. Nawaapia, sikuwa na habari nazo. Nilikumbuka sabuni, pasi ya koti, mkono kichwani mwangu, sikukumbuka kwamba mtu yule aliniuliza mara tano na mara tano nikazuia. Sijue, sijue, sijue, sijue, sijue. Nilikuwa na miaka tisa na mtoto mgongoni, na nilisimama pale.

Nililowesha ile penseli. Yeye alikuwa na haki ya kuacha nafasi, mimi sina. Niliandika mbele ya neno "mfungaji" majina yangu yote mawili, la ubatizo na lile la mama yake, kama alivyokuwa akiwaandika wachezaji wake. Kisha nikahesabu nukta tena kwa kidole. Zilikuwa tano, zote ziko.